Spidi nzuri, gemu inaganda: nilivyoimaliza lagi ya nyumbani

Kila nilipopima, kipimo cha spidi kilinipa megabiti 40 za kupakua na 10 za kupakia. Na bado, katikati ya mechi, adui aliye mbele yangu anaganda, anaibukia nyuma yangu, na risasi nilizompiga hazihesabiwi. Tatizo hilo nimelimaliza kabisa. Limechukua muda mrefu kuliko lilivyostahili kwa sababu ya ushauri wa aina mbili unaorudiwa kila mahali: "nunua spidi kubwa zaidi" na "badilisha DNS".

Naanza na DNS maana ndiyo inayoniudhi zaidi. Kazi yake ni kugeuza jina la seva kuwa anwani ya IP. Gemu huuliza inapojiunga. Ikishapewa anwani, pakiti (vipande vidogo vya data) zinakwenda moja kwa moja kwenye seva na DNS haina kazi tena ndani ya mechi. Ukiweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8, kurasa zinaweza kufunguka upesi kidogo, lakini pingi ya ndani ya mechi, yaani milisekunde ambazo pakiti hutumia kwenda kwenye seva na kurudi, inabaki ileile. Spidi nayo: nilifungua Task Manager gemu ikiendelea, nikakuta inakula chini ya nusu megabiti kwa sekunde. Sasa mwenye 40 akinunua 100 amepata nini? Gemu inataka pakiti zake ndogo zifike kwa wakati na kwa mpangilio, basi.

Kilichonikwamua ni madirisha mawili. Nilifungua dirisha la amri mara mbili, yakakaa ubavu kwa ubavu. La kwanza, ping -t 192.168.1.1, yaani rauta yangu. La pili, ping -t 8.8.8.8, yaani nje. Namba za dirisha la kwanza zikiruka, ugonjwa uko kati ya kompyuta na rauta. La kwanza likitulia na la pili likaruka, ugonjwa uko kuanzia rauta kwenda mbele. Yangu yaliruka yote mawili, tena kwa nyakati tofauti, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila dawa ilionekana haifanyi kazi: magonjwa yalikuwa matatu, yamelaliana. Nikitibu moja, mengine mawili yanaendelea kuitikisa mechi, nami narudisha mpangilio wa zamani nikidhani dawa ndiyo mbovu.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa waifai. Nilikuwa kwenye gigahetzi 2.4 na rauta ilikuwa imejichagulia chaneli ya 3. Katika masafa hayo, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Wengi hukimbilia za katikati kwa sababu programu ya kupima inaonyesha hazina mtu. Ni kosa. Ukiwa chaneli moja na jirani, rauta zenu zinasikiana na kupeana zamu. Ukikaa 3 wakati yeye yuko 1 na mwingine yuko 6, wote wawili kwako ni kelele. Pakiti zinaharibika hewani na kutumwa upya, na kila kutumwa upya kunaongeza milisekunde.

Nikahamia gigahetzi 5. Nguvu ya mawimbi ilikuwa -61 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu, na ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi; kwa gemu sitaki ishuke chini ya -67), na pingi ya rauta ikatulia kwenye 2 hadi 3. Ila mara mojamoja waifai yote inapotea kama dakika nzima, kisha inarudi yenyewe. Nilishuku modemu, nikabadilisha hata adapta ya umeme, wapi! Jibu lilikuwa kwenye logi za rauta: imejiweka chaneli ya 100. Chaneli za 52 hadi 144 kwa sehemu kubwa zinatumika pamoja na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na rauta ikihisi rada inalazimika kuhama. Ikihamia chaneli nyingine ya kundi hilo, isikilize kwanza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Niliifunga kwenye chaneli ya 44. Za 36 hadi 48 hazina sharti hilo.

Ikabaki miruko midogo yenye mpigo: 3, 3, 3, 90, 3, 3, kwa vipindi vilevile. Mruko unaokuja kwa mpigo sawasawa mara nyingi ni programu, si mawimbi. Kwangu ilikuwa kompyuta inayotafuta mitandao mingine huku tayari imeunganishwa. Nilipozima huduma ya kutambua mahali ikapungua, lakini nilikuwa nimeshaamua kuvuta waya.

Waya huo ulinila jioni mbili, na naueleza kwa urefu kwa sababu kosa lake linapita kwenye kipimaji bila kuonekana. Nilichukua mita 20 za Cat 5e. Hiyo inatosha kabisa, inabeba gigabiti 1 hadi mita 100, na Cat 7 ya bei ya juu haikuongezei chochote hapa. Vichwa vya RJ45 nilibana mwenyewe. Nilipanga jozi kwa jozi: chungwa, kijani, buluu, kahawia, kila jozi imekaa pamoja, ncha zote mbili zinafanana. Kipimaji cha taa kikawaka 1 hadi 8 bila kuruka. Kompyuta ikasema imeunganishwa kwa gigabiti 1. Pingi ya rauta ilikuwa chini ya milisekunde 1, kama inavyotakiwa kwa waya, ila kati ya pakiti 500 zilipotea 9, na nikipakua faili kubwa zinapotea zaidi.

Sababu ni hii. Nyaya mbili za jozi moja zimesokotwa ili kelele inayotoka nje iwapate zote mbili sawasawa, kisha kifaa cha upande wa pili kiifute. Sasa, jozi moja ya ishara inakaa kwenye pini 3 na 6, wala si 3 na 4. Nilipoweka kijani kwenye 3 na 4, pini ya 6 ikaangukiwa na waya wa buluu. Ishara moja ikawa inasafiri kwenye nyaya mbili za misokoto tofauti, bila kinga. Pini 4 na 5 zikaharibika vivyo hivyo. Kipimaji cha taa kinauliza tu kama umeme unatoka ncha hii hadi ile. Unatoka, kwa hiyo kinakubali.

Nilikata vichwa vyote na kupanga rangi kwa mpangilio uitwao T568B: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Angalia buluu zinavyokaa katikati ya kijani mbili, siri yote iko hapo. Msokoto sikuufungua zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liliingia ndani ya kichwa likabanwa. Niliacha pingi ikikimbia mpaka pakiti 5,000: haikupotea hata moja. Na kama kompyuta yako inaunganishwa kwa megabiti 100 badala ya 1,000, kagua pini 4, 5, 7 na 8. Megabiti 100 hutumia 1, 2, 3 na 6 tu, hivyo mmoja wa wale wanne ukilegea, kasi inashuka kimyakimya.

Dirisha la kwanza likatulia. La pili: 28, 29, 28, 430, 460, 445, 28. Hapa ndipo penye ugonjwa ambao naamini unawatesa watu wengi kuliko mwingine wowote, na kipimo cha kawaida cha spidi hakiuonyeshi.

Nilipandisha video kubwa kutoka kwenye simu, macho kwenye dirisha la pili. Baada ya sekunde tatu, 450. Nikasitisha, 28. Nikarudia mara tano, jibu lilelile. Modemu ina hifadhi ya muda ambamo pakiti husubiri zamu ya kutoka. Simu inasukuma data kwa kasi ya waifai, mlango wa kutokea ni megabiti 10 tu, hivyo hifadhi inajaa. Piga hesabu: hifadhi ya kilobaiti 512 ni kilobiti 4,096, kwa kilobiti 10,000 kwa sekunde, kuimaliza kunachukua sekunde 0.41. Pakiti ya gemu, hata iwe ya baiti 100, inajipanga nyuma ya mlima huo na kuchelewa milisekunde 410. Simu moja inayohifadhi picha zake kwenye wingu inatosha kuua mechi, na mwenye simu hajui.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuwasha kipengele cha rauta cha kuipa gemu kipaumbele. Hakikusaidia kitu, na nilipojua sababu ndipo nikapata dawa. Kipaumbele kinafanya kazi pale foleni ilipo. Foleni yangu ilikuwa kwenye modemu. Rauta ilikuwa inapitisha kila kitu bila kusubirisha, hivyo haina cha kupanga. Ujanja ni kuihamisha foleni: unaibana rauta itoe kidogo chini ya uwezo wa laini. Modemu haijazi tena kitu, foleni inahamia kwenye rauta, na rauta inaweza kuipanga kwa akili.

Rauta yangu inakubali OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea rauta, kwa hiyo niliweka luci-app-sqm, programu yake ya kupanga foleni, nikachagua upande wa WAN (unaotoka kwenda nje), aina ya foleni cake, skripti piece_of_cake.qos. Kasi zinaandikwa kwa kilobiti. Niliandika 34000 kupakua na 8500 kupakia, yaani asilimia 85 ya laini. Ukiandika 34 ukidhani ni megabiti, mtandao unakufa palepale. Zima pia uharakishaji wa pakiti kwa maunzi, kwa sababu pakiti zitakazopita njia hiyo zinaikwepa foleni na utaona kana kwamba hukufanya lolote. Namba usizitoe kwenye kipimo cha alfajiri: pima mara kadhaa saa ambazo laini ina watu wengi, chukua ya chini kabisa, anza na asilimia 80, panda tano tano mpaka pingi ianze kuinuka, kisha rudi hatua moja.

Nikapandisha video ileile. 28, 31, 30, 33, 29. Faili inapanda, mechi inaendelea. Nimetoa asilimia 15 ya spidi, na sijawahi kufanya badiliko lenye faida kubwa kama hilo kwenye mtandao wowote.

Rauta yenye prosesa dhaifu haiwezi kupanga foleni ya laini ya mamia ya megabiti. Hapo bana upande wa kupakia tu na uweke 0 upande wa kupakua, maana 0 inaacha upande huo huru. Asiye na OpenWrt atafute sehemu ya kuwekea kila kifaa kikomo, aanze na simu, upande wa kupakia. Steam, programu ya kununua na kupakua gemu, nayo ina kikomo chake cha kupakua kwenye mipangilio, kitumie.

Ugonjwa wa tatu ulionekana baada ya hayo tu: pakiti 1 au 2 kati ya 100 zinapotea saa yoyote, hata nyumba nzima hakuna anayetumia mtandao. Mtoa huduma alinijibu mara tatu nizime modemu na kuiwasha. Nikafungua ukurasa wa modemu, nikasoma nguvu ya mwanga unaoingia kutoka kwenye faiba: -28.3 dBm. Modemu za GPON (aina ya mtandao wa faiba) za daraja B+ zinasoma vizuri kati ya -8 na -27. Nilipowatajia namba hiyo, mazungumzo yakabadilika na fundi akaja. Nyuma ya kabati uzi wa faiba ulikuwa umekunjwa kama karatasi. Mkunjo usibane kuliko nusu kipenyo cha milimita 30. Kuunyoosha kulileta -24.6, kusafisha kichwa chake kwa kifaa maalumu kukaleta -20.9. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, usikiunganishe na cha buluu, na usichungulie ndani ya uzi: mwanga wake hauonekani lakini unadhuru jicho.

Ukitumia tracert au mtr, amri zinazoonyesha vituo ambavyo pakiti hupitia, kutafuta pakiti zinazopotea njiani, usishtuke kituo cha katikati kikionyesha hasara ya asilimia 60 wakati vinavyofuata ni 0. Kituo hicho kinaacha kujibu baadhi ya pingi tu, pakiti za wengine kinazipitisha. Hasara ya kweli inaanzia mahali na kuendelea mpaka mwisho.

Sauti ya wenzangu ilikuwa pia haisikiki kwenye baadhi ya mechi. Modemu na rauta zote zilikuwa zinafanya NAT, yaani kuvificha vifaa vingi nyuma ya anwani moja, na dalili ni anwani ya WAN ya rauta kuanza na 192.168 au 10. Niliiweka modemu kwenye hali ya daraja (bridge), ibaki kupitisha data tu, nikawasha UPnP inayoiruhusu gemu kujifungulia milango kwenye rauta, ikaisha. Anwani hiyo ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, NAT iko kwa mtoa huduma na huwezi kuitoa mwenyewe. Omba anwani ya umma.

Kilichobaki ni umbali. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia ni milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hakuna mpangilio utakaozipunguza. Seva ya karibu napata 30. Wenzangu wengine wako kwenye seva ya mbali. Huko nacheza kwa 140, iko palepale mechi nzima, na risasi zinahesabiwa.