Kupima mikoko na kuhesabu kaa kabla maji hayajarudi

Kabla ya ramani, mimi hufungua jedwali la maji. Kwenye pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku muda huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu kupwa huangukia alfajiri na alasiri, tena maji hayatoki vya kutosha, kwa hiyo sehemu za mbele zenye mililana, mikoko iotayo karibu kabisa na maji, haziachwi wazi. Kila mwezi mchanga na kila mwezi mpevu nahesabu siku nne au tano za kazi ya maana, basi. Siku zilizobaki ni za kukausha majani, kuingiza takwimu na kufua matope.

Njia ninayoieleza ni ile ninayoitumia kusini mwa Mombasa, kwenye misitu ya aina ya Ghuba ya Gazi, ulipo mradi wa Mikoko Pamoja wenye hekta 117 unaouza hati za kaboni inayohifadhiwa na miti. Kaboni hiyo huanzia kwenye utepe uliozungushwa mtini. Mti wa kipenyo cha sentimita 10 ukiandikwa 11, eneo la kitako chake (yaani la mkato wa shina) limepanda kwa asilimia 21, na hakuna programu itakayolirekebisha baadaye.

Kibali hushughulikiwa mapema. Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na idara ya misitu, Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi ya huko, na kote kuwili wenyeji na wavuvi hupewa taarifa kwanza. Wao ndio wanaojua hori gani hujaa haraka.

Transekti, yaani mstari wa kupimia, huikata pwani kwa pembemraba, kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu. Sababu ni mpangilio wa mikoko yenyewe: mbele kabisa mlilana, nyuma yake mkoko (wenye mizizi kama miguu ya kaa, ambao jina lake limegeuka kuwa la jamii nzima), kisha msinzi na mkandaa, na mchu upande wa juu penye chumvi nyingi. Mchu hukanganya, maana huota pia mbele kabisa karibu na mlilana. Ukitandaza kamba sambamba na ufuo utapima ukanda mmoja na kuuita msitu. Transekti ya kwanza naipata kwa kura, nambari yoyote kati ya 0 na 100, ndiyo idadi ya mita kutoka alama niliyochagua. Zinazofuata zinaachana mita 100. Ploti za mita 10 kwa 10 zinawekwa kila baada ya mita 50. Ploti ikiangukia horini au kwenye uwanda wa chumvi usio na mti, haihamishwi. Inaandikwa sifuri. Kuisogeza "pale penye miti" ndiyo dhambi ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayofanya misitu iliyochakaa ionekane imeshona.

GPS naitumia kurudi mahali, si kupimia pande za ploti. Chini ya majani mazito hukosea kwa mita tano au zaidi, yaani nusu ya ploti. Pande hupimwa kwa futikamba, na umraba huhakikishwa kwa kupima mshazari: ploti ya mita 10 kwa 10 ina mshazari wa mita 14.14. Ukizidi au kupungua kwa zaidi ya sentimita 20, kona moja imepinda. Kwenye mizizi ya mkoko kamba hupandishwa juu na kuvutwa hewani, haifuati mizizi, vinginevyo "mita 10" zako zitakuwa nane na nusu za ardhi.

Mpangilio wa kazi ndani ya ploti ndio uliochukua muda mrefu kupata sura. Kanuni ni moja: kinachokimbia huhesabiwa kwanza, kinachokanyagika pili, kisichotikisika mwisho. Kwa hiyo kaa, halafu tondo (konokono wa mikokoni) na miche, halafu miti. Timu ikianza na miti, baada ya dakika 40 tope limekuwa uji, kaa wote wamezama mashimoni, na hesabu yake inaeleza uzito wa viatu vyenu.

Kaa nawahesabu kwenye fremu ya sentimita 50 kwa 50, tatu kwa kila ploti, zinazowekwa kabla hata ya kupiga vigingi. Fremu natengeneza kwa bomba jembamba la plastiki na kuacha upande mmoja bila bomba, ufungwe kwa uzi tu. Fremu iliyofungwa pande zote nne haipiti kati ya mizizi, na watu huishia kuiweka kwenye uwazi, ambako kaa ni wengine kabisa. Ukishaiweka, rudi nyuma mita tatu, kaa chini au simama bila kutikisika kwa dakika 15, kisha hesabu kwa darubini mara tatu, kila baada ya dakika mbili. Naandika idadi ya juu kabisa, si wastani, kwa sababu kaa aliye shimoni bado yupo. Wale wadogo wenye gando moja kubwa hurudi upesi. Wale wakubwa wala-majani, hasa chini ya michu, ni waoga na kivuli cha kofia kinatosha kuwarudisha ndani.

Baada ya hapo ndipo nahesabu mashimo, kwa makundi matatu: chini ya sentimita 1, 1 hadi 3, na zaidi ya 3. Shimo si kaa. Kaa mmoja mkubwa huweza kuwa na milango miwili au zaidi, na mashimo mengine yameachwa. Hata hivyo mashimo hayategemei uvumilivu wa anayehesabu, kwa hiyo ukiwa na vipimo vyote viwili unaweza kulinganisha msimu na msimu. Ripoti inayoandika "kaa 60 kwa mita mraba" bila kusema kama ni kaa au ni matundu naiweka kando.

Tondo ni rahisi, hawakimbii. Lakini wapimwe urefu kwa vernia, kifaa cha kubana na kupima, wasihesabiwe tu. Wadogo hula tope lenye uchafu wa kikaboni. Wakubwa hula majani yaliyoanguka. Idadi ileile ya tondo inaweza kuwa na kazi mbili tofauti msituni, na urefu ndio unaokuonyesha.

Miche inahesabiwa kwenye kipande cha mita 5 kwa 5 katika kona moja ya ploti, kona ileile kwa ploti zote. Madaraja ni chini ya sentimita 40, 40 hadi 150, na 150 hadi 300. Kosa kubwa hapa ni majina. Mkoko una kijincha kama mwiba kwenye ncha ya jani na vidoadoa vyeusi upande wa chini. Msinzi hauna vidoadoa hivyo, na ua lake lina kikombe chekundu. Jani la mkandaa ncha yake ni butu, wakati mwingine imebonyea, na rangi yake inaelekea njano. Mbegu yake ni nyembamba yenye mistari ya migongo, ya msinzi ni nene na laini. Jani la mchu chini ni jeupe-kijivu, na ukililamba utapata chumvi. Mche wenye majani mawili tu usioujua andika "haujatambuliwa". Kubahatisha kunaharibu zaidi ya pengo.

Sasa miti. Napima kila shina lenye kipenyo cha sentimita 2.5 au zaidi, yaani mzingo wa 7.85, kwa urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Kijiti kilichokatwa mita 1.3 kinasaidia, kwa sababu katika tope la magotini kila mtu anadhani kifua chake kiko mahali pake. Kwa mkoko kanuni ni nyingine: sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa ulioshika shina. Mchu uliogawanyika chini ya mita 1.3 hupewa nambari moja ya mti na herufi kwa kila shina: 14a, 14b, 14c. Ukiyaandika kama miti mitatu, msongamano umeuongeza kwa uongo. Shina lililo mpakani: pande mbili nilizozichagua mapema, kaskazini na mashariki, huingizwa, mbili zilizobaki huachwa. Kinachoamua ni shina, mizizi ya mkoko haihesabiwi.

Visiki navyo vinaandikwa, spishi na kipenyo. Wakata boriti huchagua unene na unyoofu, hivyo jedwali la visiki husema soko linataka nini, na pia napima unyoofu wa yaliyobaki: 1 lililonyooka, 2 linalohitaji kurekebishwa, 3 lisilofaa ujenzi. Msitu wenye miti mingi ya daraja la 3 huenda umeshachujwa.

Watu watatu wanatosha: mmoja anazungusha utepe, mmoja anataja spishi na kuweka alama ya chaki, mmoja anaandika kwa penseli. Anayeandika lazima arudie kwa sauti. "Nne" na "nane" zikipita kwenye majani na upepo ni neno moja. Sisi tunasema "nne ya mwanzo" au "nane ya mwisho", na mzozo umekwisha. Utepe pia uangaliwe upande: mmoja unasoma mzingo, mwingine kipenyo. Nguzo ya sentimita 31 kati ya miti ya 10 mara nyingi ni mzingo uliosahauliwa kugawanywa kwa 3.1416.

Chumvi ya maji ya topeni napima kwa rifraktometa, kifaa kinachosoma chumvi kwa kupinda kwa mwanga, iliyosawazishwa kwa maji safi asubuhi hiyohiyo. Maji yanavutwa kwa sindano kutoka kina cha sentimita 15, si kutoka dimbwi la juu. Dimbwi lina mvua ya jana au jua la leo. Bahari ni karibu sehemu 35 kwa elfu. Kwenye michu ya nyuma kupita 50 si ajabu.

Hesabu jioni ni fupi. Idadi ya mashina kwenye ploti mara 100 ni mashina kwa hekta. Eneo la kitako, kwa mita mraba, ni 0.00007854 mara kipenyo (kwa sentimita) mraba. Miti ya sentimita 8, 11 na 14: miraba yake ni 64, 121 na 196, jumla 381, eneo 0.0299, au kama mita mraba 3 kwa hekta. Nafanya ploti moja kwa mkono kabla ya kuamini lahajedwali.

Ploti ya kurudiwa inahitaji alama za kudumu. Chuma huliwa na kutu, mti huliwa na wadudu wa baharini au huenda jikoni. Bomba la plastiki lililozamishwa mita moja hudumu. Na kwenye kila mkoko napaka mstari wa rangi pale utepe ulipopita. Mkoko hutoa mzizi mpya juu ya ule wa zamani, hivyo ukirudi baada ya miaka miwili na kupima tena sentimita 30 juu ya mzizi wa juu, utakuwa umepanda shina, na mti utaonekana umekonda.