Gurudumu la Mbele

Juzi binti yangu alikuwa anachomeka taa ya baiskeli yake kwenye chaja ya simu, akaniuliza, "Baba, nyie zamani mlikuwa mnachaji wapi?" Nikamwambia hatukuchaji, taa iliwaka kwa kuendesha. Jibu likamtosha, akaenda zake. Mimi nikajikuta barabara ya Old Shinyanga, kwenye keria, nyuma ya mgongo wa baba mdogo.

Tulikuwa tunarudi mjini. Kule kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni, na haipiti nusu saa giza limeshashika. Baiskeli ya baba mdogo, Phoenix, ilikuwa na dainamo, kile kifaa kinachofua umeme gurudumu likizunguka, ya volti 6, wati 3: wati 2.4 za taa ya mbele, 0.6 za ile nyekundu ya nyuma. Mgao huo haukupangwa hivihivi. Balbu ya mbele ikiungua, umeme wote unakimbilia ile ndogo ya nyuma, nayo inakufa papo hapo. Ndiyo maana alitembea na balbu za akiba, kaziviringisha kwa pamba ndani ya kopo la dawa.

Mwiba wa mgunga ukaingia tairi la nyuma. Tukashuka. Gari halipiti, mwezi haupo.

Aliipindua baiskeli, ikasimama kwa usukani na tandiko. Gurudumu hakulifungua. Nati, washa na mnyororo ni mambo ya mchana. Usiku washa moja ikidondoka mchangani, umelala hapo. Alifungua valvu tu, na pini yake akaibana kwa meno isipotee. Kisha akapenyeza mipini miwili ya vijiko chini ya ukingo wa tairi, akalitoa upande mmoja. Bisibisi hakuitaka kabisa, maana ncha yake huibana tyubu kwenye rimu, na pancha moja ikawa mbili. Tyubu ikatoka, pini ikarudi, akapiga pampu, akaanza kuipitisha taratibu karibu na mdomo. Kidole chenye sugu hakisikii upepo mdogo. Mdomo uliolowa mate unausikia. Alipolipata tundu aliweka gumba juu yake, na hakuliondoa.

"Sasa baba, nitafutie mwanga," akaniambia.

Dainamo ilikuwa kwenye foku ya mbele, na taa imefungwa ubavuni mwa foku hiyohiyo. Akanielekeza nilegeze nati ya taa kwa spana, niigeuze itazame nyuma, kisha niikaze sana. Kukaza ndiko kwenye kazi yenyewe: waya ni mmoja tu, umeme unarudi kwa kupitia chuma cha baiskeli, na nati ikilegea au ikiwa na kutu, taa haiwaki hata uzungushe vipi. Nikaibonyeza dainamo, kichwa chake kikagusa ubavu wa tairi, nikaanza kulisukuma gurudumu kwa kiganja.

Mzunguko mmoja kwa sekunde ulitoa wekundu tu, kama kaa linalozimika. Mizunguko miwili kwa sekunde, ambayo ni karibu mwendo wa kilometa 15 kwa saa, ndipo mwanga ukakolea. Na dainamo inakaba; ukiacha kusukuma, gurudumu linasimama upesi. Nilisukuma kwa mkono wa kulia, nikahamia wa kushoto. Kila niliposita, mikono ya baba mdogo ilipotea mbele yangu. Nikisukuma, inarudi, ikiwa imeshafika hatua nyingine.

Alikwangua tyubu kwa msasa, eneo pana kuliko kiraka, mpaka mng'ao wa mpira ukaisha. Akapaka solusheni nyembamba. "Pumzika," akasema, maana solusheni mbichi haishiki kiraka. Tukakaa gizani dakika tano hivi bila kusemezana, harufu yake ikitupanda puani. Akaigusa pembeni kwa mgongo wa kidole. "Haya." Nikazungusha tena, akakibana kiraka kuanzia katikati kwenda kingoni. Mwiba aliutafuta ndani ya tairi kwa kipande cha kitambaa, ambacho hunasa palipo na ncha, kidole kingechomwa.

Tairi likarudi, likimalizikia kwenye valvu. Upepo, taa ikageuzwa mbele, tukaondoka. Lori lilipokuja na taa kamili tulishuka kando, akaniambia nifumbe jicho moja. Lilipopita nilifumbua lile lililofumbwa, na njia nikaiona.

Sijawahi kujua kama usiku ule alikuwa ananifundisha au alihitaji mkono wa pili tu. Kiberiti alikuwa nacho mfukoni. Nilikisikia kikicheza kila alipoinama. Lakini solusheni inashika moto haraka, na anayeijua hawashi kiberiti karibu nayo. Huenda sababu ilikuwa hiyo tu. Sikumwuliza. Ningependa iwe zaidi ya hiyo.