Kulabu Mbili

Juzi binti yangu alikuwa akifagia jikoni kwa Shangazi, akachungulia chini ya kaunta. "Baba, hizi kulabu mbili ni za nini?" Nikamwambia ni za kutundikia vitambaa. Nilimdanganya.

Shangazi aliporudi mtaani Umoja, Nairobi, na kiti cha magurudumu, nilijitolea kumjengea jiko. Mimi fundi, ningemwachia nani? Kaunta ya kawaida huwa na kimo cha sentimita 90. Yake nikaishusha hadi 76, chini nikaacha wazi magoti yaingie. Katikati nikaacha mita moja na nusu ya kugeuzia kiti. Mbao nilitoa soko la Gikomba. Vigae nilichagua mwenyewe, vile vya kung'aa mpaka unajiona.

Siku ya kwanza akasema atatupikia. Maji yakachemka, unga ukaingia, akashika mwiko. Hapo ndipo nilipoona kwamba kaunta nilipima, lakini meko ya gesi na sufuria juu yake sikuvijumlisha: vilimfika kifuani. Alipousukuma mwiko, kiti kikarudi nyuma. Kidogo tu, kama hatua ya mtoto. Akajivuta kwa ukingo wa kaunta, akasukuma tena, kikarudi tena. Breki alikuwa amefunga. Magurudumu yaliteleza tu juu ya vigae vyangu. Harufu ya ukoko ikaanza kupanda. Nilikuwa nimempima ametulia, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha.

Nikainuka nimshikie kiti.

"Kaa," akasema bila kugeuka. "Utakuwa unakuja kunishikia kila jioni?" Kisha akacheka. "Wenzangu husonga ugali. Mimi ugali ndio unanisonga."

Akafungua leso iliyomfunika magoti, akaizungusha kwenye fremu ya kiti na mguu wa kaunta, akakaza fundo kwa meno. Akausonga ule ugali mpaka jasho likamtiririka puani. Tuliula na mabonge yake. Nani angethubutu kuyataja?

Wiki iliyofuata nikaleta kulabu na mkanda imara. Akanishukuru sana, ile shukrani ya kumsindikiza mgeni mlangoni. Mkanda sijauona tena. Leso ameshabadilisha nyingi, na fundo liko palepale mguuni mwa kaunta.

Vigae nilimwambia nitakuja kuving'oa. Kila nikienda, namwambia.