Paja gumu kama ubao

Mwanangu ana miaka saba. Alianguka kwenye mpira, paja likagonga jiwe, akarudi anachechemea. Hapakuwa na mchubuko. Mama mkwe akasema, "Mama Hamisi, mchue tu, msuli umeshtuka." Nikamchua siku tatu, maji ya moto na mafuta ya karafuu. Hizo siku tatu ndizo zinazoniuma mpaka leo.

Siku ya nne homa ikapanda. Zahanati walipima malaria, hana, tukapewa dawa ya kutuliza homa. Usiku akalala amekunja goti. Ukijaribu kulinyoosha anapiga yowe. Nikaweka kiganja paja hili na kiganja lile. La kulia lilikuwa la moto na gumu kama ubao, ila wekundu haukuwepo hata kidogo. Mimi jipu ninalolijua huvimba, likatoa jicho. Hili halikuwa na jicho.

Alfajiri tukawa hospitali ya wilaya. Daktari akauliza jambo lililonishangaza: "Amewahi kuwa na vidonda vya ngozi karibuni?" Alikuwa navyo, vipele vya miguuni alivyovikuna mpaka vikatoa maji. Akanieleza kwamba msuli wenye afya haushikwi ovyo na bakteria, lakini ukigongwa damu ikavilia ndani, bakteria waliopenya kwenye damu kupitia vidonda kama vile hupata pa kukaa. Mara nyingi ni stafilokokasi, walewale wa majipu. Wagonjwa wengine huanza baada ya tetekuwanga, wengine kinga yao iko chini kwa utapiamlo au VVU, kwa hiyo akaomba kumpima VVU. Nilinuna kidogo, nikakubali. Hana.

Ultrasaundi ilionyesha usaha umejikusanya ndani kabisa ya msuli, ndiyo maana ngozi ilikaa kimya. Akapasuliwa siku hiyohiyo. Kidonda kiliachwa wazi, kikajazwa gozi, kitambaa chepesi cha vidonda, na kloksasilini, dawa ya kuua bakteria, ikapita kwenye mshipa kila baada ya saa sita. Homa ilishuka siku ya tatu. Kubadilisha gozi ndiko kulikokuwa kazi: alikuwa akiuma pindo la khanga yangu, na nesi akimhesabia moja mpaka kumi, polepole mno kwa maoni yangu.

Baada ya siku tisa tukaruhusiwa na dawa za kunywa wiki mbili zaidi. Siku hizi mjukuu akilalamika mguu, bibi yake haigusi chupa ya karafuu. Anamwambia, "Hebu nyoosha goti nione."