Kapu moja, wateja wote

Natoka sasa hivi kwenye kikao chetu cha watu wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Dar. Nimefurahi mno!

Dada mmoja alileta tatizo la programu yake: oda za mteja wa kwanza zinamtokea wa pili.

Tukabishana weee, wengine wakasingizia hifadhidata.

Mpaka akatuonyesha mstari wenyewe, ambamo [] ni kapu tupu la kuanzia:

def ongeza(oda, kapu=[]):

Kumbe Python hulitengeneza kapu hilo mara moja tu, pale fankisheni (kipande cha programu chenye kazi yake, hapa "ongeza") inapofafanuliwa, si kila inapoitwa ifanye kazi. Wateja wote wanatumbukiza humo humo!

Akaweka kapu=None, yaani hakuna kapu bado, kisha ndani ya fankisheni akaunda kapu jipya kila inapoitwa. Ikakubali.

Uso ulivyomng'aa yule dada, jamani!

Nanyi wenzangu, lugha hii iliwashangaza wapi? Leteni mifano tuichambue.