Ramani ya mashamba ya Nicodemus, Kansas: nilipofikia

Upande wa magharibi wa ramani sasa umejaa. Kwa ambaye hakufuatilia tangu mwanzo: ninachora kwa QGIS, programu ya kompyuta ya ramani, nani alichukua shamba lipi kuzunguka Nicodemus, kijiji cha Wamarekani weusi kilichoanzishwa mwaka 1877 katika kaunti ya Graham, kaskazini magharibi mwa jimbo la Kansas. Wengi wao walitoka Kentucky, na wengi walizaliwa utumwani. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Marekani nzima miaka 12 tu kabla.

Kuchora mistari ndiyo kazi nyepesi. Serikali iliipima ardhi ile kwa miraba: taunishipu moja ni maili 6 kwa 6, nayo imekatwa seksheni 36 za ekari 640 kila moja. Namba zinaanzia kona ya kaskazini mashariki, zinakwenda magharibi hadi 6, zinashuka safu moja na kurudi mashariki, hivyo hivyo mpaka 36. Robo ya seksheni ni ekari 160, na hicho ndicho kipande ambacho sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mtu kwa ada ndogo, mradi aishi hapo miaka mitano, ajenge na alime. Hati ya kumilikisha shamba ikitaja robo ya kusini magharibi ya seksheni fulani, shamba unaliona papo hapo. Hati zenyewe zimeskaniwa na kumbukumbu za ardhi za serikali ya Marekani zinazitoa bure. Nazinakili kwenye jedwali: jina, seksheni, robo, tarehe, na sheria iliyotumika. Seksheni 16 na 36 nimezipaka kijivu kwa sababu zilitengwa kwa ajili ya shule.

Kilichonisumbua wiki hizi ni tarehe. Aliyefika 1878 na kutimiza miaka yake mitano, hati yake haiwezi kusomeka kabla ya 1883. Ukipaka rangi kwa mwaka wa hati, ramani inakuonyesha nyika tupu mpaka miaka ya 1880, halafu ghafla mashamba kila mahali. Wakati huo kijiji kilikuwa tayari na hoteli, shule na makanisa! Mbaya zaidi, aliyekaa misimu miwili akashindwa na ukame hana hati kabisa. Hati inamtambua aliyebaki tu.

Na kubaki hakukuwa mchezo. Kundi kubwa la kwanza lilishuka treni mjini Ellis Septemba 1877, likatembea kama kilomita 50 kwenda kaskazini. Miti ni haba kule isipokuwa kando ya mito, kwa hiyo walichimba makazi ardhini na kuyaezeka kwa udongo na nyasi. Anayelijua tembe la Wagogo hatalishangaa paa lile, ila hapa nyumba nzima imezama. Willina Hickman, aliyefika majira ya kuchipua ya 1878, alisimulia baadaye kwamba alioneshwa kijiji asikione. Alichoona ni moshi unaotoka ardhini. Alilia. Majira yale ya baridi ya kwanza, wanasimulia wenyeji, Waosage, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa Amerika, waliokuwa wanarudi kutoka mawindoni waliwagawia chakula.

Hapo niongeze jambo ambalo miraba inalificha. Ardhi haikuwa ya bure kwa maana ya kukosa wenyewe. Mkataba wa Medicine Lodge wa 1867 ndio uliowasukuma Wacheyenne na Waarapaho kusini, nje ya Kansas. Kwa hiyo ramani yangu itakuwa na tabaka la 1867 chini ya mengine yote, hata kama halina mstari mmoja ulionyooka.

Nimeamua rangi zifuate sensa badala ya hati. Kansas ilifanya sensa yake ya jimbo mwaka 1885 na 1895, na ile ya 1885 ina safu inayouliza mtu alitokea wapi kabla ya kuja Kansas. Kwangu safu hiyo ni dhahabu, hasa kwa kuwa sehemu kubwa ya sensa ya taifa ya 1890 iliharibika kwa moto. Majina ndiyo yanayochosha: karani mmoja anaandika hivi, mwingine vile, nami nalinganisha umri, mke na watoto mpaka niridhike kuwa ni mtu yule yule.

Tabaka la reli limekwisha, na kwa macho yangu ndilo linalouma kuliko yote. Mwaka 1887 wenyeji walipiga kura kutoa hatifungani za dola 16,000 ili reli ipite kwao. Haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ikapita kusini ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakahamia Bogue, kijiji kipya kando ya reli hiyo, baadhi wakiburuta na majengo yao. Kwenye skrini umbali huo ni kidole kimoja. Mashamba, lakini, hayakuhama. Hati za baada ya 1888 zipo.

Kinachofuata ni upande wa mashariki, kisha sensa ya 1895 niione familia zipi za 1885 bado zipo kwenye robo zile zile. Mwenye uzoefu wa kusoma miandiko ya makarani wa wakati ule anisaidie: kuna herufi moja kubwa ambayo kila nikiitazama naona S, L na T kwa pamoja.