Siku Yangu Chini ya Mabati ya Hanga, Malindi

Saa 12 asubuhi nilifungua milango yote miwili ya hanga, banda letu la ndege, kabla jua halijapanda, maana katika miezi hii ya kaskazi hewa ya alfajiri ndiyo ubaridi pekee tunaoupata bure. Mimi ni fundi wa ndege ndogo. Hadi saa 4 kazi ilikuwa ya kila siku: kuosha kwa maji matamu chumvi iliyoshika mbawa, kukagua propela, chai kwa mahamri na mbaazi.

Saa 5 nilianza kubadilisha beringi za gurudumu la kushoto la Cessna Caravan, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa imeegeshwa chini ya nusu ya paa ambayo haijapakwa rangi nyeupe ya kupunguza joto. Beringi haitaki kushikwa kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho lina chumvi na alama ya kidole tu yaweza kuanzisha kutu. Nilikwisha kuiosha na kuilaza juu ya kitambaa cheupe, na nilikuwa nikifungua kopo la grisi, tone la jasho liliponidondoka kwenye nyusi likatua katikati ya rola mbili. Nikaanza upya: kuosha, kukausha, glavu nyingine. Mwenye ndege akapiga simu kwa mara ya tatu.

"Fundi, gurudumu moja linakushika tangu asubuhi? Abiria wangu wa Manda wanangoja."

"Subira, bwana. Ni gurudumu hilo hilo watakalotua nalo."

Akakata simu, na iliniuma, kwani nilikuwa nikiwahangaikia abiria hao hao.

Watu hudhani dawa ya joto la hanga ni kiyoyozi, lakini hanga linaloingiza mbawa za karibu mita 16 halifungiki ubaridi ndani. Na feni za kurusha maji hazifai pwani, ambako hewa imeshiba unyevu na maji hayakauki upesi. Mwenzangu aliyefanya kazi Kanada hunieleza kwamba huko shida ni kinyume chake: hewa ya moto hupanda darini na kuiacha miguu ya fundi ikiganda, hivyo wasiotaka kumaliza fedha kwa gesi hutundika juu mabomba yanayomulika joto sakafuni na kwenye vyuma kama jua, badala ya kupasha hewa itakayotoroka mlango ukifunguliwa. Sisi tunataka itoroke. Ndiyo maana nusu ya paa tuliipaka rangi nyeupe, tukaiinua kofia yake ya kileleni shubiri moja ili joto litokee juu, na chini yake mtu hufanya kazi adhuhuri akiwa na akili timamu. Nusu ya pili mwenye hanga anasema ingoje.

Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Alasiri ilikuwa imeingia nilipomaliza kukaza nati na kuishusha ndege kwenye jeki. Mwenye ndege alifika akiwa amekunja uso, akasimama pale nilipokuwa nimepiga magoti mchana kutwa, akatoa leso, kisha akasogea hadi upande uliopakwa rangi. Alikaa kimya kidogo, akitazama juu.

"Nusu ile itakula madebe mangapi ya rangi?"

"Manne, bwana, ya lita 20."

Akachukua simu kumpigia mwenye hanga, nami nikaketi kujaza daftari la ndege.